Barua Pepe za Kitapeli: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Kigoma

Kila mwenye simu Tanzania anaujua ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Umetuzoesha vibaya. Tumejenga picha kwamba tapeli ni mtu wa meseji fupi, yenye makosa, kutoka namba tusiyoijua, na tukiiona tunaifuta. Barua pepe ya kitapeli haiji hivyo. Inakuja na nembo ya shirika, cheo cha ofisa, namba ya kumbukumbu, pengine na jina lako kamili na kozi uliyosoma. Na mara nyingi inakufikia wiki ileile unayosubiri barua ya namna hiyo.

Kigoma tunasubiri barua nyingi. Vijana wenye vyeti wametuma maombi kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi Kasulu na Kibondo. Wanachuo wanasubiri majibu ya mkopo. Wafanyabiashara wa Mwanga na Ujiji wameagiza mashine na injini za boti kutoka nje. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ziko familia zilizongoja miaka mingi habari ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Matapeli wanayajua matumaini haya yote, na kila moja wameliandalia barua yake.

Ushauri wa zamani ulikuwa "angalia makosa ya kuandika". Umepitwa na wakati. Programu za akili bandia zinaandika Kiswahili na Kiingereza kilichonyooka kuliko cha maofisa wengi, na nembo yoyote unainakili ndani ya dakika moja. Kwa hiyo usiihukumu barua kwa sura yake. Tazama inakutaka ufanye nini, kisha toka humo ndani ukaulize kwa mlango unaoujua wewe mwenyewe. Hatua zote zilizo hapa chini zinakusaidia kufanya hilo.

Hatua ya 1: Hakikisha akaunti ni yako kweli

Watu wengi hapa mjini hawakufungua barua pepe zao kwa mikono yao. Walikwenda steshenari kuomba kazi au mkopo, kijana wa kwenye kompyuta akauliza majina matatu, akafungua akaunti, akaweka nywila ya jina na 123, akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Simu ya mteja haikuwa na chaji, kwa hiyo namba ya kurejeshea akaunti ikawekwa ya dukani. Kijana yule kwa kawaida ni mtu mwema mwenye foleni ya watu mbele yake. Lakini kama mtu mwingine anaijua nywila yako, na namba ya kurejeshea iko kwenye laini ya mtu mwingine, akaunti hiyo bado si yako, na uangalifu wote utakaojifunza hapa hautaiokoa.

Kaa na simu yako ikiwa na bando. Fungua Gmail, gusa picha au herufi ya jina lako juu kulia, chagua "Dhibiti Akaunti yako ya Google", kisha tafuta sehemu ya usalama. Anza na namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea: ondoa isiyo yako, weka laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Kama huna uhakika ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106# uhakiki. Ukimaliza hapo ndipo ubadili nywila. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu ukibadili nywila na kuiacha namba ya dukani palepale, mwenye laini hiyo anaweza kuirudisha akaunti mikononi mwake wakati wowote.

Kwenye nywila, urefu una faida kuliko ugumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, mathalani mgebuka, baiskeli, ngazi na alhamisi, yakiunganishwa unayakumbuka bila shida, na kompyuta ya tapeli inapata kazi kubwa kuyabahatisha. (Usitumie haya, yameshaandikwa hapa.) Nywila ya barua pepe isitumike mahali pengine popote. Barua pepe ndiyo inayorejesha nywila za Ajira Portal (mfumo wa kuomba kazi serikalini), za mfumo wa mkopo, za Facebook na za huduma nyingine, kwa hiyo anayeishika ameshika zote. Ukitaka kujua kama anwani yako imo kwenye orodha za taarifa zilizowahi kuvuja, iandike kwenye haveibeenpwned.com, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia. Utaandika anwani tu. Nywila hutaulizwa.

Maliza kwa kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiipata nywila bado azuiwe mpaka simu yako ikubali. Google itakupa pia namba 10 za akiba. Ziandike kwenye daftari lililo nyumbani, zitakufaa siku simu ikitumbukia ziwani.

Na ukilazimika kutumia kompyuta ya steshenari, brauza ikikuuliza kama ihifadhi nywila, kataa. Usiinuke kwenye kiti kabla hujatoka kwenye akaunti, hata kama mwenye duka anakuambia muda wako umekwisha.

Hatua ya 2: Tafuta ombi

Barua ya kitapeli, hata iwe ndefu namna gani, mwisho wake inataka kitu: nywila, namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, nakala ya vitambulisho, hela, au ufungue faili. Ruka salamu na pongezi, utafute ombi. Ukilipata, jiulize kama mwenye ofisi halisi angehitaji kuliomba kwa njia hii. Benki haikuombi namba ya siri kwa barua pepe. Google haikuombi nywila kwa barua pepe. Namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako haina mtu mwingine wa kuitumia zaidi yako, hata anayesema "imekuja kwako kwa bahati mbaya, nirudishie".

Hii hapa ni barua niliyoitunga kwa kufuata mtindo wao, tuisome pamoja:

Mtumaji: UNHCR Kigoma – Ajira
Yah: HONGERA! Msaidizi wa Takwimu, Kasulu
Ndugu mwombaji, kufuatia maombi yako, unajulishwa kuwa umechaguliwa. Mafunzo yanaanza Jumatatu. Unatakiwa kulipia Sh 45,000 ya vipimo vya afya na sare kabla ya saa 10 jioni leo. Fedha hii utarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza. Usifike ofisini kwa sasa kwa kuwa timu yote ipo kambini. Kwa kuwa nafasi ni chache, usimshirikishe mtu mwingine barua hii.

Tuanze na kiasi. Si 500,000, ambayo ungelazimika kukaa kikao cha familia. Ni 45,000, ambayo mama anayeuza dagaa Kibirizi anaweza kuikopa kwa jirani jioni ileile. Kimechaguliwa kwa makusudi. Kisha kuna saa: tangazo la kazi lilikaa wiki mbili, malipo yanataka saa chache. Ahadi ya kurudishiwa imewekwa ili usione kama unatoa, uone unakopesha. Halafu kuna mambo mawili ambayo mimi nayaona ndiyo kiini cha barua nzima: usifike ofisini, na usimwambie mtu. Yote mawili yanakuzuia usiende kuuliza. Shirika halisi lenye ofisi halina sababu ya kukukataza kufika.

Kuhusu malipo, jibu liko wazi na halina mjadala: UNHCR ni shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Kuomba ni bure, usaili ni bure, mafunzo ni bure. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nayo haichukui hela ya mwombaji. Anayetaja "hela ya kuchakata", "ya vipimo", "ya kumshukuru bosi" amejitambulisha.

Kijana anayesubiri kazi anaweza kuwa amelewa furaha, kwa hiyo mara nyingi anayeokoa ni mzazi anayeombwa hela. Swali lake ni dogo tu:

"Mwanangu, hiyo ofisi yenyewe iko wapi?"
"Wamesema nisiende, mama."
"Basi kesho asubuhi tunakwenda wote. Leo hela haitoki."

Hatua ya 3: Fungua jina uone anwani

Kwenye simu, Gmail inakuonyesha jina la mtumaji tu. Jina hilo mtu anajiandikia apendavyo, kama ambavyo mtu anaweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha kabla ya kuitumbukiza posta. Kanuni ya kutuma barua pepe iliyoandikwa mwaka 1982 haikuweka njia ya kuhakiki mtumaji, na vizuizi vilivyoongezwa baadaye havizuii kila kitu. Gusa mshale mdogo chini ya jina, karibu na neno "kwangu". Anwani kamili itajitokeza.

Soma kilicho baada ya @. Mfanyakazi wa UNHCR anaandika kutoka unhcr.org. Taasisi za serikali yetu ziko kwenye .go.tz, mwisho ambao mtu binafsi hapewi. Vyuo viko kwenye .ac.tz. Ukikuta "ajira serikalini" inaandika kutoka Gmail au Yahoo, ishia hapo.

Nina angalizo moja, kwa sababu mwongozo mwingi unalikosea. Asasi ndogo za hapa mkoani, vikundi vya wavuvi, hata baadhi ya shule, wanatumia Gmail kweli, kwa kuwa hawajalipia anwani yao. Kwa hiyo Gmail peke yake haithibitishi utapeli wa asasi ndogo, ila inakudai uende ukaulize. Na kinyume chake ni kweli vilevile: anwani halali ya ofisi inaweza kuwa imeingiliwa, na barua ikatoka kwenye sanduku la ofisa mwenyewe bila yeye kujua. Anwani mbaya inatosha kuikataa barua. Anwani nzuri haitoshi kuiamini.

Angalia pia herufi zinazofanana. Herufi r na n zikikaa pamoja, kwenye kioo kidogo cha simu zinasomeka m. Sifuri inakaa mahali pa o. Soma herufi moja moja, polepole.

Mwenye kompyuta anaweza kwenda ndani zaidi: gusa nukta tatu juu ya barua, chagua kuiona ilivyokuja, utafute SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuhakiki mtumaji. Zikiwa na neno PASS, barua imetoka kweli kwenye kikoa kilichotajwa, yaani lile jina lililo baada ya @. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua nyingi kwa siku wawe na vithibitisho hivi. Lakini tapeli aliyenunua kikoa chake mwenyewe atapata PASS pia, kwa hiyo usikomee hapo.

Hatua ya 4: Soma linki kuanzia mwisho

Usiiguse, ishikilie. Ukishikilia kidole juu ya linki kwenye simu, anwani inajitokeza kabla ya kufunguka. Kwenye kompyuta weka kishale juu yake bila kubonyeza, utaiona chini ya ukurasa. Maandishi yanaweza kusema "Ingia Ajira Portal" huku linki inakwenda kwingine kabisa.

Kuisoma kunahitaji mazoezi kidogo. Tafuta alama ya kwanza ya mkwaju (/) baada ya https://, kisha rudi nyuma. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayosema mwenye nyumba ni nani. Linganisha:

https://portal.ajira.go.tz/
https://portal.ajira.go.tz.usaili-wako.com/

Ya kwanza inaishia ajira.go.tz, ndiyo yenyewe. Ya pili nimeitunga ili uone: ina maneno yote ya ile ya kwanza, lakini inaishia usaili-wako.com. Yaliyotangulia ni mapambo, mwenye kikoa anaweza kuandika hapo chochote. Jicho letu limezoea kusoma kutoka kushoto na kuridhika mapema, na matapeli wanalijua hilo.

Alama ya kufuli iliyokuwa ikionekana kando ya anwani isikutulize. Inamaanisha mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi unayewasiliana naye ni nani, na vyeti vya kufuli hiyo vinapatikana bure. Google wenyewe waliiondoa kwenye Chrome mwaka 2023, kwa kuwa watu wengi waliichukulia kama muhuri wa uaminifu. Linki zilizofupishwa na picha za QR zinaficha mwisho wa safari, kwa hiyo kwenye jambo la hela au nywila usizitumie.

Kuna msaada mmoja ambao watu hawautumii inavyostahili. Ukiiachia simu itunze nywila zako, itajaza nywila kwenye tovuti ileile uliyoihifadhia tu. Ukifika kwenye ukurasa unaofanana na wa kila siku na simu haijitolei kujaza, usiandike kwa mkono. Simu imeisoma anwani ambayo jicho lako limeiruka.

Hatua ya 5: Viambatisho

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kanuni ni fupi: faili usilolitarajia halifunguliwi mpaka mtumaji athibitishe kwa simu.

Yanayotia shaka zaidi ni yanayoishia .exe, .apk, .html na .zip, hasa .zip iliyofungwa kwa nywila na nywila hiyo ikaandikwa kwenye barua ileile, kwa sababu hufungwa hivyo ili vichunguzi visione ndani. Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina, kwa hiyo "Mkataba.pdf.exe" utauona kama "Mkataba.pdf". Hati ya Word au Excel ikikuomba ubonyeze kuruhusu kitu ili isomeke, ifunge. Mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia amri za aina hiyo kwenye mafaili yanayotoka mtandaoni, ndiyo maana barua za kitapeli sasa zinakuelekeza namna ya kukiondoa kizuizi hicho. Na "benki" inayokutumia .apk uiweke kwenye simu inataka programu ambayo itasoma meseji zako, zikiwemo namba za uthibitisho.

Hatua ya 6: Toka kwenye barua, nenda kwa mlango wako

Hata kama barua imepita hatua zote zilizotangulia, usitumie namba yake ya simu, linki yake wala anwani yake ya kujibu. Andika tovuti kwa mkono. Piga namba iliyo nyuma ya kadi ya benki. Panda bajaji uende ofisini.

Kwa ajira za serikali, ingia Ajira Portal mwenyewe. Mkeka (orodha ya walioitwa) ukitoka, unatoka kwenye tovuti ya Sekretarieti, na jina lako litakuwamo kwa kila mtu kuliona. Kama barua inasema umeitwa na jina halimo, hujaitwa.

Kwa mkopo wa chuo, ingia kwenye akaunti yako ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, na hiyo uichukue mwenyewe ndani ya mfumo, usiipokee kwa barua. Anayekutaka utume "hela ya kuharakisha bumu" kwenye namba ya simu yenye jina la mtu anakuibia mchana kweupe.

Kwa walio kambini nasema kwa mkazo, maana hapa matapeli wanawaibia watu waliokwisha kupoteza kila kitu. Huduma za UNHCR ni bure, na kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure. Hakuna fomu ya kununua, hakuna nafasi ya kulipia, hakuna wakili wa mtandaoni anayeweza kulisogeza faili lako mbele. Barua ikija, ipeleke kwenye dawati la UNHCR hapo kambini kabla hujaijibu. Wale wa bahati nasibu ya viza ya Marekani wajue kwamba serikali ya Marekani haimjulishi mshindi kwa barua pepe. Mwombaji huangalia mwenyewe kwenye dvprog.state.gov kwa namba aliyopewa siku ya kuomba.

Sasa wafanyabiashara, ambao hasara yao huwa kubwa kuliko ya wote.

Chukua mfanyabiashara wa Ujiji anayeagiza mashine ya kukamua mawese kutoka Guangzhou. Wameandikiana na muuzaji muda mrefu, picha zimetumwa, bei imekubaliwa. Kumbe tapeli ameshaingia kwenye barua pepe ya mmoja wao, pengine kwa nywila iliyovuja kwingine. Haibi chochote. Anasoma kimya, anajifunza wanavyosalimiana, anajua mzigo utatoka lini. Siku ya kulipa anatuma ankara ileile, nembo ileile, kiasi kilekile, ila akaunti ya benki imebadilika: "Akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali tumia hii." Hakuna kosa la kuandika, hakuna zawadi, hakuna hongera. Mtu analipa deni analodaiwa kweli, kwa mtu asiye mdai.

Usione aibu kuamini kwamba linaweza kukukuta. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alituma ankara kwa Facebook na Google akijifanya Quanta, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia vifaa. Alisajili kampuni Latvia kwa jina hilohilo. Walimlipa zaidi ya dola milioni 100 kabla ya kugundua, na mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Makampuni yale yalikuwa na wahasibu na wanasheria wa kutosha.

Kinachozuia ni simu. Siku ya kwanza ya kufanya biashara na mtu, iwe Guangzhou, Bujumbura au Kalemie, chukua namba yake, mpigie mkiwa mmeonana kwa video kama inawezekana, na mkubaliane kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe. Ikija barua ya kubadilisha, piga namba ile ya siku ya kwanza, mwenye sauti unayoijua akusomee tarakimu za akaunti moja moja. Aliye pembeni anaweza kukuona msumbufu. Kubali kuonekana hivyo.

Kisha fungua Gmail kwenye kompyuta, mipangilio, uangalie sehemu ya vichujio na ya kusambaza barua. Anayeingia kwenye akaunti ya mfanyabiashara hupenda kuweka amri inayompelekea nakala ya kila barua, au inayozificha barua za muuzaji zisikufikie. Ukibadili nywila bila kuifuta amri hiyo, ataendelea kusoma.

Hatua ya 7: Kama umeshabonyeza

Usikae na aibu, muda unakwenda. Unachofanya kinategemea ulichotoa.

Kama ulituma hela kwa simu, piga 100 ya mtandao wako sasa hivi, taja muamala, omba uzuiwe. Hela ambayo haijatolewa kwa wakala bado ina nafasi ya kushikiliwa, iliyotolewa ni ngumu. Kama ulilipa kwa benki, nenda tawini na ankara mkononi, uombe waiandikie benki iliyopokea irudishe malipo. Usingoje Jumatatu kama kuna namba ya dharura.

Kama uliandika nywila, ibadili kwa kutumia simu au kompyuta nyingine safi, kisha kwenye sehemu ya usalama tazama vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uvitoe vyote usivyovijua. Rudia hatua ya 1 yote. Badili nywila ya kila mahali palipotumia nywila hiyo hiyo. Waambie watu wako kwenye kundi la familia na la kazini kwamba ujumbe wa kuomba hela kutoka kwako wasiujibu.

Kama ulifungua faili au kuweka programu, zima data na Wi-Fi, ondoa programu hiyo, na shughuli zako za benki zifanyie kwenye kifaa kingine mpaka fundi unayemwamini akihakikishe hicho. Kama ulituma picha ya kitambulisho, rudi *106# mara kwa mara uone kama kuna laini imesajiliwa kwa jina lako usiyoijua, na laini yako ikikata mtandao ghafla bila sababu, nenda duka la mtandao siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Toa taarifa, tunza ushahidi

Usiifute barua. Ndani yake, nyuma ya maandishi unayoyaona, kuna rekodi ya njia iliyopita, na ukiisambaza kwa mtu kwa njia ya kawaida rekodi hiyo haiendi nayo. Piga picha ya skrini kwa ajili ya kumbukumbu, lakini barua yenyewe iache ilipo. Ndani ya Gmail iripoti kama ya kitapeli. Namba ya simu iliyotumika kupokea hela au kukupigia, iripoti kwa meseji kwenda 15040 ufuate maelekezo utakayopewa.

Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikishwa pale. Mtandao wa simu na benki huenda wakaitaka ndipo waendelee na shauri lako. Beba simu yenye barua, picha za skrini, na ujumbe wa muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta na kujifanya mtu mwingine mtandaoni, kwa hiyo hujaenda kuomba fadhila.

Na baada ya wiki chache, kaa tayari kwa barua nyingine. Itatoka kwa "kitengo cha kurejesha fedha" au "mwanasheria" anayejua kiasi ulichopoteza na tarehe, anayetaka ada ndogo tu ili akurudishie hela yako. Majina ya waliokwisha kutapeliwa huuzwa kati ya matapeli, na barua hiyo imetoka kwa walewale au kwa wenzao. Iongeze kwenye jalada lako pale polisi, chini ya RB ileile.